Tiketi ya Kurudi Ocha: Bei Huanzia Penye Safari Inaanzia

Septemba ikigonga tu, stori za wasee hapa Don Mills, Toronto, zinageuka. Ball inawekwa kando, siasa ya Nairobi inawekwa kando, kila mtu anauliza kitu moja: umeona tiketi ni ngapi saa hii? Swali linaulizwa kwa kituo cha Don Mills penye treni ya Sheppard inaishia, linaulizwa kwa foleni ya chai pale Fairview Mall, linaulizwa watu wakitoka msikiti na wakitoka kanisa. Na kila mara hakukosi msee mwenye ako na dawa. "Buda, usinunue kwa saiti ya Canada. Fungua ya Kenya, bei inaanguka." Mwingine anasema fungua ya India. Mwingine ya Uturuki. Mwingine anakushow uwashe VPN, ujifanye uko Dar, mambo itajipa.

Hii stori mimi naichukulia kwa uzito, ju kwetu tiketi si anasa. Ni mathe hajawahi kubeba mjukuu. Ni harusi ya siz yenye haitangoji. Ni guka amelala hosi Kakamega na fathe anataka kumwona akiwa macho. Msee anapiga shifti za usiku kwa stoo, anaweka dola hamsini hamsini kando mwaka mzima, alafu ile ganji yote inaisha kwa dakika moja ya kubonyeza simu. Mtu wa hivyo anafaa kujua analipia nini.

So wacha nikuchanue, na nianze na jibu lenyewe ndio usingoje hadi mwisho. Kitu inasukuma bei ya tiketi sana si saiti ya nchi gani umefungua. Ni safari inaanzia nchi gani, na inaanza lini. Saiti inakuja baadaye, na mara mingi tofauti yake ni ya chenji, si ya maajabu.

Mtaa wa watu wa ndege

Don Mills ilichorwa miaka ya 1950, mradi wa tajiri mmoja anaitwa E. P. Taylor. Mtaa mzima ulipangwa kwa karatasi kabla tofali ianguke: nyumba, shule, maduka, viwanda, kila kitu na corner yake. Hao wa kwanza hawakuwa sisi. Sisi tulikuja baadaye, tukajaa kwa zile ghorofa zimepanga laini kando ya Don Mills Road, kushuka hadi Flemingdon Park na Thorncliffe Park.

Na hatukuja juzi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wahame. Canada ikapokea maelfu, wakatua Montreal na ndege za kukodi, wakasambaa hadi Toronto. Wengi walikuwa Waismaili, wafuasi wa Aga Khan, na hao wa Kampala wakafuatwa na ndugu zao wa Dar, Zanzibar, Mombasa na Nairobi. Leo ukipita Wynford Drive unaona Aga Khan Museum na Ismaili Centre, zote mbili zilifunguliwa 2014. Ingia hapo siku ya sherehe, utapata shosh wa miaka themanini anabonga Kiswahili safi cha Tanga kukushinda. Ongeza Wakenya waliokuja shule na wakabaki, Wasomali waliopitia Eastleigh, Wakongo waliopitia kambi za Kigoma. Huu ni mtaa umejengwa na watu wa ndege.

Hao wazee walikuwa na njia yao ya kununua tiketi. Unaenda kwa ajenti anakujua kwa jina, unaketi, anapiga simu, anakuandikia bei kwa karatasi. Hukuwa na kitu cha kulinganisha. Sisi tuna simu yenye inaweza kufungua saiti ya nchi yoyote duniani saa nane za usiku. Nguvu tuko nayo, lakini wengi wetu hatujaonyeshwa inatumiwa aje.

Ndege moja, bei kibao

Kwanza elewa hii: kwa ndege moja, daraja moja la kawaida, wasee wawili wameketi bega kwa bega wanaweza kuwa wamelipa bei tofauti kabisa. Hakuna mwenye ameibiwa. Shirika linagawanya viti kwa herufi. Y huwa ya bei ya juu kwa daraja la kawaida, zinafuata kina B, M, H, hadi ufike zile za chini zenye kila shirika linazipanga kivyake. Kila herufi ina idadi ya viti na masharti yake. Za chini zikiisha, kompyuta inakupandisha ya juu. Ukiona bei imeruka kati ya asubuhi na jioni, mara mingi sababu ni hiyo: kuna mtu amechukua kiti cha mwisho cha herufi ya chini. Simu yako haijakusaliti.

Huu mchezo ulishika moto Marekani. Januari 1985, American Airlines ikitaka kupambana na People Express yenye ilikuwa inauza tiketi za bei ya kutupa, ikaanza kuuza viti vichache bei ya chini kwa wenye wananunua mapema, na vingine ikaviwekea wenye wanakuja dakika za mwisho. People Express haikufika mwisho wa miaka ya 1980. Dunia nzima ikafuata American.

Sasa ile sehemu ya safari inaanzia wapi. Kama wewe ni mtu wa Nairobi, hii unaijua toka utoto. Jioni saa kumi na mbili, mathree ya kutoka tao kwenda Rongai inaitisha bei ya kukuumiza, na mvua ikishuka inaongezwa tena. Saa hiyo hiyo, ile inatoka Rongai kurudi tao inaomba watu waingie na bei ya chini. Barabara ni ile ile, gari ni ile ile, petroli ni ile ile. Kenye kinabadilika ni watu wangapi wanataka kwenda upande gani. Ndege inafanya hesabu hiyo hiyo. Disemba, kina sisi wote wa Toronto tunataka kwenda Nairobi. Wenye wanatoka Nairobi kuja kushika baridi ya Januari huku ni wachache. Kwa hivyo tiketi ya kwenda na kurudi yenye inaanzia Toronto ina bei yake, na ile inaanzia Nairobi ina bei yake, hata kama zote zinapita Addis na zote zina begi mbili. Kila nchi inapangiwa bei yake, misimu yake na ofa zake.

Ndio maana msee wa VPN anachanganyikiwa. Aliona tiketi ya Nairobi–Toronto–Nairobi kwa saiti ya Kenya, akailinganisha na Toronto–Nairobi–Toronto kwa saiti ya Canada, akasema saiti ya Kenya ni cheap. Alilinganisha safari mbili tofauti.

Nani anatubebanga

Bei pia inafuata ushindani, na hapa Toronto inafaa kujijua. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka eapoti yetu ya Pearson hadi JKIA, Nairobi. Lazima ubadilishe mahali. Ethiopian ilianza kuja Toronto 2012, unabadilisha Addis. Emirates inakupitisha Dubai, Turkish Istanbul, KLM Amsterdam, British Airways London. Qatar Airways iliongeza Toronto Disemba 2024, kabla ya hapo kwa Canada ilikuwa inatua Montreal tu.

Usidhani hizo ndege zinakuja venye zinataka. Nchi mbili lazima zikubaliane ni safari ngapi kwa wiki. 2010 Emirates ilitaka nafasi zaidi Canada, gava ya Canada ikakataa ikitetea mashirika yake, kukawa na ugomvi mkubwa hadi jeshi la Canada likafungiwa kambi yake huko Falme za Kiarabu. Miaka mingi Emirates ikabaki na safari chache za Toronto. Aprili 2023 ndio waliongezewa, ikawa kila siku. Kwa msee wa Don Mills mwenye anaenda Mombasa, makubaliano ya nchi mbili yalimgusa mfuko: viti vichache, bei juu, viti vikiongezeka, mashirika yanaanza kuvutana shati.

Alafu kuna KQ, yaani Kenya Airways. Tangu 28 Oktoba 2018 inaruka Nairobi hadi New York moja kwa moja na Dreamliner. Wasee wengi wa Toronto wanafanya hesabu: nishuke New York, nichukue ndege yetu, nilale, niamke JKIA. Kuna siku hesabu inatoka poa. Lakini ngoja, New York iko na mtego, nitakushow hapo mbele.

Sasa saiti inabadilisha nini?

Wacha tuseme unatafuta safari moja, tarehe moja, ndege moja: Toronto–Nairobi, kwenda na kurudi. Unafungua saiti ya shirika kwa upande wa Canada, alafu upande wa Kenya. Nini inaweza kuwa tofauti?

Ya kwanza ni sarafu. Bei za safari yenye inaanzia Canada zimepangwa kwa dola ya Canada. Ukiifungua kwa saiti ya Kenya, kompyuta inageuza ile bei iwe dola ya Marekani ama shilingi. Kuna kiwango cha kubadilisha, alafu kuna kuzungusha namba. Hapo unaweza kuona tofauti ya dola kumi, ishirini. Lakini ukilipa na kadi ya Canada, kadi nyingi za huku zinakata asilimia 2.5 kwa kila malipo ya sarafu ya nje. Piga hesabu: tiketi ya dola 2,000, asilimia 2.5 ni dola 50. Ile bargain ya dola 20 umeilipia 50.

Ya pili ni ofa za soko. Shirika linaweza kuamua wiki hii tunapunguza kwa wenye wananunua Kenya tu, ama Uturuki tu. Hii ni ya ukweli, na hapa ndio msee wa kulinganisha saiti anashindanga mara moja moja. Kwa lugha ya biashara, kuna tiketi inauzwa ndani ya nchi penye safari inaanzia, na kuna inauzwa nje. Masharti ya bei yanaweza kuruhusu moja na kukataa ingine.

Ya tatu ni ajenti wa mtandaoni. Hao si shirika la ndege. Wanaweza kula hasara kidogo ndio waonekane wa kwanza kwa orodha, alafu wakurudie kwa begi, kwa kiti, kwa ada ya kubadilisha tarehe. Bei ya mbele inaweza kuwa tamu na ya nyuma ikakuuma.

Ukitaka kujionea mwenyewe, kuna chombo ya bure inaitwa Matrix, ya ITA Software, kampuni yenye Google iliinunua 2011. Haikuuzii tiketi. Inakuonyesha bei imejengwa aje, herufi gani, kodi gani, na ina kisanduku cha kuchagua tiketi inauziwa mji gani. Weka Toronto, alafu weka Nairobi, safari ikibaki ile ile. Ukiona namba hazijasonga, wachana na VPN ulale.

Shilingi ikitetemeka

Kuna wakati tofauti inakuwa kubwa hadi inatisha, na sababu huwa ganji ya nchi. Januari 2024 dola moja ya Marekani ilifika karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa imerudi karibu 130. Bei za kuanzia Nairobi zinapangwa kwa dola ya Marekani. Kwa hivyo tiketi ya dola 1,000 ilikuwa karibu shilingi 160,000 mwanzo wa mwaka na karibu 130,000 katikati. Shirika halikugusa kitu. Msee wa Umoja mwenye alinunua Januari akalipa 30,000 zaidi ju ya uchumi tu, na kazi yake inamlipa kwa shilingi.

Nigeria ilikuwa noma zaidi. 2023 ganji za mashirika ya ndege zaidi ya dola milioni 800 zilikuwa zimekwama huko, benki kuu haina dola za kuwapa. Mashirika yakafunga zile herufi za chini kwa ajenti wa Nigeria, yakawaachia za juu. Watu wa Lagos wakaanza kupigia ndugu zao wa majuu wawanunulie kutoka nje. Hapo saiti ya nchi ingine ilikuwa na maana kubwa sana. Mimi naona hiyo ni dhuluma: mwenye mapato ya chini kabisa ndio alilipishwa ya juu kabisa, kwa shida yenye hakuitengeneza.

Tiketi ya mathe

Sasa tuje kwa ile tiketi inatuhusu sana: mathe anakuja Toronto. Safari yake inaanzia Nairobi, kwa hivyo bei yake ni ya Nairobi, hata ukiinunua ukiwa umeketi kwa keja yako Don Mills. Usiitafute kama ya Toronto ukigeuza tarehe. Tafuta Nairobi–Toronto–Nairobi moja kwa moja, alafu linganisha njia mbili za kulipa.

Njia ya kwanza, unalipa na kadi yako ya Canada kwa dola ya Marekani. Hesabu ile asilimia 2.5. Saiti ikikuuliza kama inaweza kukubadilishia iwe dola ya Canada hapo hapo, angalia vizuri, ju kiwango chao kinakuwanga kimewekwa faida ndani. Njia ya pili, unatumia brathe ganji, analipa kwa saiti ya Kenya ama kwa ofisi ya shirika pale tao. Hapo hesabu ada ya kutuma na kiwango chenye umepewa. Mara ingine ya pili inashinda. Mara ingine zinalingana, na kadi inakupa kitu ya ziada: ukikosana na mwenye kuuza, unaweza kudai benki irudishe malipo.

Kitu ingine yenye wasee wengi hawaambiwi: baadhi ya mashirika yanaitisha ile kadi ililipa ionyeshwe kwa kaunta kama mwenye kadi hasafiri. Mathe amefika JKIA saa tano usiku na kadi iko Don Mills. Soma hayo masharti kabla ulipe, na kama kuna fomu ya kuthibitisha, imalize siku hiyo hiyo.

Na visa ya kupita. Marekani haina mambo ya kukaa ndani ya eapoti ukingoja ndege ya pili. Kila mtu anayeshuka New York, hata kwa saa mbili, anapita uhamiaji, na mwenye pasi ya Kenya anahitaji visa ya Marekani. Mathe na visa yake ya Canada hawezi kupita JFK na KQ. Hata wewe, kama una karatasi za kukaa Canada lakini pasi bado ni ya Kenya, unahitaji hiyo visa. Tiketi inaweza kuwa ya chini kuliko zote kwa skrini na isikubebe. London pia iko na masharti yake kwa pasi ya Kenya, yanategemea karatasi za Canada zenye uko nazo, kwa hivyo hakikisha kabla ya kulipa.

Usiruke kipande cha kwanza

Kuna ujanja mmoja unazunguka kwa grupu za WhatsApp: nunua tiketi ya kuanzia Nairobi ju ni ya chini, alafu usitumie ile ya Nairobi–Toronto, tumia tu ya kurudi. Usijaribu. Ukikosa kipande cha kwanza, shirika linafuta vyote vilivyobaki. Utafika Pearson na mabegi na zawadi, na jina lako halipo kwa orodha.

Lakini kuna njia safi ya kutumia bei ya Nairobi ukiwa mkaaji wa Toronto, kwa mwenye anaendanga home kila mwaka. Mara ya kwanza unanunua tiketi ya kwenda tu. Ukiwa home unanunua Nairobi–Toronto–Nairobi, unarudi kazini na kipande cha kwanza, na cha pili unakiwekea tarehe ya likizo ya mwaka ujao, mradi muda wa tiketi unaruhusu. Tiketi nyingi za hivyo haziendi zaidi ya mwaka mmoja. Unazitumia zote kwa mpangilio, huvunji sheria ya mtu. Tatizo lake ni ile ya kwanza ya kwenda tu, yenye inaweza kuwa na bei ya ajabu, na mipango yako lazima iwe imekaa. Kama shifti zako zinabadilika kila mwezi, sare hiyo.

Kwa wa Mombasa, Malindi na Lamu, pigeni hesabu hadi mlango wa nyumba. Tiketi ya kutua Mombasa moja kwa moja kupitia Addis inaweza kuzidi ya Nairobi, lakini ukitua JKIA kuna taxi hadi kituo cha Syokimau, kuna treni ya SGR yenye tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida, kuna usiku wa kulala kama umefika baada ya treni ya mwisho, na kuna mabegi na watoto. Msee peke yake na begi ya mgongo atafurahia treni. Mama na watoi watatu alipie Mombasa, apumzike.

Kodi na haki zako

Ndani ya bei kuna vitu shirika halichukui. Canada iko na ada ya usalama ya abiria, na tangu Mei 2024 kwa safari za mbali ni dola 34.42. Ongeza ada ya eapoti. Uingereza nayo iko na kodi ya abiria: 2025 kwa mtu mzima wa daraja la kawaida mwenye safari yake inaanzia London kwenda Nairobi ilikuwa pauni 90. Ukipita London kubadilisha ndege tu ndani ya saa 24, hulipi. Ukiamua kukatisha safari ukae kwa kazo wako wiki moja, unaweza kulipishwa. Hii pia inaonyesha kitu ile ile: penye safari inaanzia ndio panaamua.

Alafu sheria. Tangu Disemba 2012, yeyote anayetangaza bei ya ndege Canada lazima aonyeshe bei nzima, kodi zikiwa ndani. Si kila nchi iko hivyo, kwa hivyo ukilinganisha saiti mbili, linganisha namba ya mwisho kabisa kabla ya kulipa. Ulaya, sheria ya 2008 inakataza kubagua bei ya ndege zinazotoka huko kwa sababu ya uraia ama mahali mnunuzi anaishi.

Ontario iko na TICO, chombo cha kusimamia maajenti wa safari. Ajenti aliyesajiliwa akianguka kabla hujapata safari yako, kuna mfuko unaweza kukulipa hadi dola 5,000 kwa kila mtu. Yule ajenti mwenye ofisi yake iko juu ya duka la halal, muulize namba yake ya usajili, na anafaa kukuonyesha bila kununa. Saiti ya bei ya kutupa yenye ofisi zake haziko Ontario, hiyo kinga huna. Kwa upande mwingine, sheria ya Canada ya haki za abiria ya 2019 inafuata ndege, si saiti. Ndege yako ikitoka ama ikiingia Canada uko chini yake, hata kama tiketi ililipwa na M-Pesa kutoka Donholm. Hiyo wasee wengi hawaijui, na wanalala kwa sakafu ya eapoti bila kudai chochote.

Tuchanuane mapema

Kenye kinaniuma zaidi ni matanga. Simu inapigwa usiku, kesho yake tunakusanya mchango, kesho kutwa mtu lazima aruke. Hapo herufi za chini zimeisha kitambo, na mwenye ameomboleza hana kichwa ya kulinganisha chochote. Ananunua ya kwanza kuona. Mtu wa hivyo hafai kuachwa peke yake na simu. Kila kanisa, kila msikiti, kila grupu ya watu wa kijiji fulani hapa Toronto inafaa kuwa na wasee wawili watatu wenye wanajua hii kazi: anafungua safari kwa tarehe tatu, anaangalia visa ya kupita, anauliza ajenti mwenye amesajiliwa, anarudi na majibu mawili yenye yanaeleweka. Hii ni mchango pia, na haikugharimu hata soo.

Vijana ndio tuko na hii nguvu. Sisi ndio tunakaa kwa net hadi mangware. Shosh wa ghorofa ya kumi na mbili mwenye anataka kuona Tanga mara moja tena hajui herufi za tiketi, na hafai kulipishwa zaidi kwa sababu hajui. Mpandie, keti naye, mfungulie.

Na wewe mwenyewe, kabla ubonyeze kulipa, jiulize tatu. Hii safari inaanzia wapi, na nimelinganisha safari ile ile? Nani ananiuzia, na jumla ni ngapi baada ya kadi na begi? Mambo ikienda mrama, nani nitamdai na kwa sheria ya nchi gani? Ukiwa na majibu yote, lipa na roho safi. Ukikosa moja, weka simu chini, uliza mtu kwanza. Kesho pia kuna ndege.